Nani Alikula Ini la Fahali wa Ubingwa

Nawasikia. Msidhani kwa kuwa nakaa pale kwenye benchi na ungo wangu wa mbaazi basi masikio nimeyaacha nyumbani Singe. Kila jioni mkimaliza mazoezi hapa uwanja wa Maisaka mnajazana kwenye simu moja, mnabishana kuhusu wale wacheza kikapu warefu wa Marekani. Huyu kakataa mamilioni akaenda timu yenye uhakika wa ubingwa, apate pete wanayovishwa mabingwa. Yule kabaki kwenye timu mbovu kwa sababu inalipa. Na hukumu yenu kila siku ni ileile: wa pete ni mwamba, wa hela ana njaa.

Marekani sijafika, wabishanieni mpaka chaji iishe. Ila wiki iliyopita mliwaacha Wamarekani mkaanza kumsema Salma, binti wa hapahapa, kwamba kauza ubingwa, na kwamba kaondoka Babati bila radhi ya babu yake. Mmoja wenu, simtaji kwa sababu namheshimu mama yake, akamalizia: "Kwani kafundishwa na nani? Si Mama Bura? Hata yeye enzi zake alifuata hela." Mkacheka.

Haya, nilifuata hela. Ibandikeni karatasi hii kwenye nguzo ya goli, kila anayekuja kutupia aisome. Sikuteleza, sikudanganywa, na nikirudishiwa ujana leo nitaifuata tena, safari hii kwa mbio zaidi. Kosa lenu si kusema kwamba nilifuata hela. Kosa lenu ni kudhani kwamba upande wa pili kulikuwa na kitu cha kufuata.

Kwa waliohamia mjini juzi, mimi ni Veronika, Mama Bura, wa ile nyumba ya bati la kijani. Nimecheza kikapu tangu shuleni mpaka magoti yalipogoma, kisha nikafundisha wasichana mpaka nikastaafu. Sijawahi kufanya kazi nyingine. Bati lile, kisima kile, ada za wanangu wote, vimetoka kwenye kurusha mpira ndani ya tundu la chuma. Watu wa kwetu huko juu Mbulu waliposikia baba akisema binti yake kaajiriwa kucheza mpira walidhani mzee kaanza kuchanganyikiwa. Mwishowe akawa anasema niko ofisini, na ofisi gani hasemi.

Nilianzia kwenye uwanja wa shule ya masista, kokoto tupu. Nyinyi mna sakafu ya saruji na bado mnalalamika kwamba ina ufa. Sisi mpira ukigonga kokoto ulikwenda unakotaka wenyewe, na aliyeuokota ndiye aliyekuwa mchezaji bora. Kocha wetu alikuwa Zubeiri. Wakati ule alikuwa kijana wa duka la vitambaa karibu na stendi, ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, yeye mwenyewe kazaliwa na kukulia hapa Babati. Alasiri alifunga duka, akaja uwanjani na futi ya kupimia vitambaa ikiwa bado shingoni. Kwa futi hiyohiyo alipima kimo cha goli na mstari wa mitupo huru, na ukimkasirisha alikuchapa nayo mgongoni. Hakulipwa na mtu. Wala hakuwahi kuomba.

Alichonifundisha Zubeiri ndicho ninachowafundisha nyinyi, na sioni kama video zenu zimekipita. Dunda mpira chini ya goti, kokoto isipate nafasi ya kukusaliti. Ukiruka, tua kwa miguu miwili na magoti yaliyolegea, kwa sababu anayetua kwa mguu mmoja anamwachia Mungu kazi isiyo ya Mungu. Kifundo cha mguu kikiuma, kifunge kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kisikaze wala kisilegee. Kwenye mtupo huru usitupe ukiwa na hasira, wala usitupe ukiwa na furaha. Mtafute mtu mmoja nyuma ya goli, mchukie kidogo, vuta pumzi, tupia. Wavu wetu alitushonea mvuvi wa Ziwa Babati kwa nyavu zake zilizochakaa, ulinuka perege mwaka mzima. Mpaka leo nikipita sokoni penye samaki mkono wangu wa kulia unataka kujikunja wenyewe.

Sasa nije kwenye fahali, maana ndiye aliyenifungua macho.

Kulikuwa na mashindano ya timu za wasichana, uwanjani hapohapo kwa masista. Tajiri mmoja wa mahindi alitoa zawadi ya bingwa, fahali mwekundu mwenye pembe ndefu. Akafungwa kwenye mti pembeni ya uwanja tangu asubuhi, na kila ukikimbia kwenda kutupia unamwona anatafuna majani ya mahindi huku anakuangalia. Sijawahi kucheza na mtazamaji makini kama yule. Rafiki yangu Asteria, mnayemwita Mama Deo, aliniambia wakati wa mapumziko: "Vero, mimi nataka ini tu. Nyama nyingine mtagawana." Asteria alikuwa mchezaji kuliko mimi, na hilo nalisema bila kubanwa. Aliruka mpaka ukahisi kuna kamba imemvuta kutoka juu. Fainali ile alichukua kila ribaundi, kila mpira uliogonga chuma ukarudi, mimi nikafunga, tukawa mabingwa.

Mnajua desturi ya hapa kwetu. Nyama ya watu wengi huchinjwa na Mwislamu, ili Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu wote wale sinia moja bila mtu kukunja uso. Basi mchinjaji akawa Kocha Zubeiri mwenyewe. Akaosha kisu, akaelekeza fahali kibla, akasoma bismillahi. Huku nyuma Sista Mkuu akatuona sisi mabingwa tumesimama na kaptula zetu na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema haiwezekani wasichana wakae mbele ya mgeni rasmi hivyo. Tukaoge, tuvae sketi.

Tukaenda kuoga. Mabomba ya bweni yalikuwa yanatoa maji kwa kudondosha, mnasubiriana. Tukavaa, tukachana nywele, tukapanga mstari, tukarudi tukiimba.

Fahali alikuwa ameisha. Ini lilichomwa kwanza, likaliwa na mgeni rasmi na tajiri wa mahindi. Mapaja yakaenda kwa wazee, mbavu kwa walimu, na kilichobaki kwa watu wa mjini waliokuja kutushangilia, na kushangilia kunatia njaa. Sisi tukapewa supu. Ndani ya bakuli la Asteria kulikuwa na mfupa, akaunyonya kwa heshima zote. Pembe zikapelekwa kutundikwa ofisini, chini yake pakaandikwa neno MABINGWA.

Husemwa mcheza kwao hutunzwa. Nilicheza kwetu, nikatunzwa mchuzi.

Nilimfuata Kocha, mikono yake bado ina damu ya fahali, nikamwambia sijala. Akanitazama kwa upole kabisa. "Ubingwa hauliwi, Vero," akasema. "Lakini hauozi."

Niliyameza maneno yale pamoja na supu. Nilikuwa mdogo, na yalikuwa na ladha. Nawaambia ukweli, hata leo yana ladha, ndiyo maana ni ya hatari.

Baadaye klabu moja ya Arusha ikamwita Zubeiri awe kocha, naye akamwachia mdogo wake duka, akatuchukua mimi na Asteria. Klabu ile ilikuwa bingwa na ilikuwa na desturi ya ubingwa. Kabati lao la vikombe lilikuwa na kufuli kubwa kuliko la ofisi ya pesa. Tulipewa chumba cha kulala wanne, nauli ya kwenda mazoezini, na chai siku ya mechi. Tukiuliza mshahara tunaambiwa: "Kuna wasichana wangapi wanalilia kuvaa jezi hii?" Ni kweli walikuwepo wengi. Kila mwaka kombe, kila mwaka picha, kila mwaka viongozi wanalishika na sisi tumechuchumaa mbele.

Halafu ikaja fainali ambayo Asteria aliruka kwenda kuchukua ribaundi akatua juu ya mguu wa mtu. Nilikuwa karibu, nikalisikia goti. Sitawaelezea sauti ile, wengine hamjala. Tulimtoa nje, tukaendelea, tukashinda. Na mkumbuke jambo hili mtakapobishana tena kwenye simu yenu: tulimbeba Asteria mabegani na kombe kalishika yeye, analia, na watu wote wakadhani ni machozi ya furaha. Picha hiyo ilitoka gazetini.

Klabu ilimletea kanga doti moja na boksi la juisi. Suala la matibabu walisema wanalijadili. Walilijadili mpaka uvimbe ukaanza kukauka wenyewe vibaya. Akarudi kwao kukandwa na mzee mmoja wa mifupa, mkono mwepesi yule mzee, lakini kilichokatika ndani ya goti hakikandiki. Mnamjua Mama Deo wa vitumbua pale Nangara, yule anayevuta mguu. Mnanunua kwake kila asubuhi na kumwomba awaongezee kimoja. Huyo ndiye mchezaji bora aliyewahi kutoka mji huu, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua.

Nilikuwa na hasira wakati ule. Hata sasa ninapoandika ninayo, na sina nia ya kuiacha.

Msimu uliofuata shirika moja la usafirishaji la Dar es Salaam likamtuma mtu kuniona. Timu yao ilikuwa inashika mkia, kila aliyekutana nayo anahesabu pointi kabla ya mechi. Walitaka wachezaji, nao walitoa ajira kamili: asubuhi ofisini, alasiri mazoezini, mwisho wa mwezi mshahara kama mfanyakazi yeyote. Tulikutana mgahawani, akaagiza chai na chapati, akaanza kunieleza habari za mshahara. Nikamkatisha.

"Nikivunjika, nani anatibu?"

"Shirika."

"Hata kama siku hiyo tumefungwa?"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Dada, mfupa haujui matokeo."

Niliweka saini kabla chapati hazijapoa. Na hapa chukueni ujuzi wangu bure, kwa sababu hakuna kocha atakayewapa. Mtu akija na mkataba, usianze kuuliza kiasi. Anza kuuliza nani anatibu, na mpaka lini. Anayejibu haraka, endelea kumsikiliza. Anayeanza kukueleza historia ya klabu, maliza chai yako uondoke.

Kocha Zubeiri alinifuata mpaka stendi. Mimi nina sanduku langu la bati, yeye ana futi yake shingoni, sijui alikuwa anapima nini tena Arusha.

"Unakwenda kushinda nini kule, Vero? Wale wanafungwa na kila mtu."

"Nakwenda kushinda njaa, Kocha."

"Hela ya mwezi huu mwezi ujao haipo. Ubingwa utabaki hata tukifa."

"Asteria anao. Muulize umebaki wapi."

Kisha akasema neno ambalo liliniuma kuliko futi: "Basi usimwambie mtu kwamba nilikufundisha mimi."

Nilipanda basi. Nililia mpaka Moshi, halafu nikashuka kununua ndizi, nikala, nikaendelea na safari.

Sasa mtaniuliza, kama wanavyouliza wote: hela haikukuharibia mchezo? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, jamani. Mchezaji mwenye njaa anaanza kutupia ovyo kipindi cha mwisho kwa sababu miguu haina kitu, na watu huita hiyo ni kukosa moyo. Mimi nilikuwa nimekula. Nililala kwenye kitanda changu. Nilipoumia bega nilitibiwa, nikapumzishwa mpaka nikapona, na mshahara haukukatwa. Nilicheza miaka mingi kuliko mabingwa wote wa kizazi changu, na nilicheza vizuri. Tena timu mbovu inafundisha. Ukiwa na wenzako wanaoshika mpira kama sufuria ya moto, unajifunza kupiga pasi laini, unajifunza kuongea uwanjani, unajifunza kuona mambo kabla hayajatokea.

Lakini sitawadanganya ili simulizi linoge. Klabu ya Kocha hatukuifunga hata mara moja. Tulikutana nao kila msimu, yeye kakaa benchi lile, mimi niko uwanjani, hanitazami. Mwaka mmoja tulibakiwa na goli moja tu kuwafikia, mpira uko mkononi mwangu, nikautupa, ukazunguka kwenye chuma ukatoka. Sina kombe. Kwenye kabati langu pale Singe kuna redio, vikombe vya chai na picha ya harusi ya Bura. Anayetaka kuja kunihurumia aje na sukari.

Zubeiri alirudi Babati akiwa mzee, akajenga hapahapa Maisaka. Klabu ilimuaga kwa cheti. Umri ulitulegeza wote wawili, tukaanza kusalimiana kanisani kwenye harusi, msikitini kwenye misiba, kisha mlangoni kwake. Yeye ndiye mkubwa, hivyo mimi ndiye ninayetoa shikamoo, naye hajawahi kuitikia bila kunichokoza: "Marahaba, mtu wa mshahara." Mjukuu wake Salma alimlea mwenyewe baada ya mama yake kufariki. Asubuhi alimfundisha babu, jioni nilimfundisha mimi. Binti akatoka na mikono ya Zubeiri na ulimi wangu.

Mwaka huu wakamfuata watu wa timu mbili. Moja ni bingwa, mnaiona kwenye televisheni, na mkataba wake ni posho na ahadi. Nyingine iko katikati ya msimamo, haina kelele, lakini ina mshahara, ina bima, na imeandika kwamba akiumia watamtibu mpaka apone hata kama msimu umekwisha. Walitaka jibu kabla ya wiki kuisha. Wazee wa kikapu wa mji huu, wale wanaojiita kamati, wakafanya kikao wakaamua kwa niaba yake: aende kwa mabingwa, Babati ionekane. Salma aliniambia anataka ile ya pili, lakini bila radhi ya babu haendi popote, hata kama mkataba utachanika. Na babu alikwishasema mabingwa.

Nilikwenda kumwona. Pale ukutani kwake, juu ya kochi, nikaziona zile pembe za fahali. Ofisi ya zamani ilipobomolewa alizichukua.

"Zitazame," akaniambia kabla sijakaa. "Zimeoza?"

"Hazijaoza, Kocha. Zichemshe basi tunywe supu."

Akacheka kidogo, kisha akakunja uso. "Wewe ulikwenda zako, sikukufunga kamba. Huyu ni damu yangu. Nataka niione picha yake na kombe kabla sijafa."

"Utaiona. Atakuwa kashika kombe, analia. Nawe hutajua analilia nini."

Alijua ninachosema. Alinyanyuka akaingia ndani, nami nikaachwa na chai ya tangawizi na pembe. Nilitoka pale nikijua nimeshindwa, kama kawaida yangu mbele ya timu yake.

Jumapili ikawa ile mechi ya kumuaga Salma. Mlikuwepo wote, kwa hiyo msinibishie. Zawadi ilikuwa mbuzi, maana ubingwa nao siku hizi umekonda. Mbuzi jike, mweupe, mwenye doa jeusi sikioni, kafungwa kwenye nguzo ya goli la upande wa Mlima Kwaraa. Timu ya Salma ikashinda. Nyinyi mkakimbilia kwenye kreti za soda, na ndiyo maana hamkuona kilichofuata, mkaokota nusu ya maneno mkaenda nayo mtaani.

Kocha Zubeiri aliitwa kuchinja, kama siku zote. Akaja polepole na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Mwenyekiti wa kamati akawaambia wasichana: "Haya mabingwa, nendeni mkaoge, mkirudi mtakuta mambo tayari."

Mimi pale kwenye benchi nilihisi damu inanipanda. Lakini sikuhitaji kusema kitu. Salma hakwenda kuoga. Alikwenda na vumbi lake mpaka kwenye nguzo, akafungua kamba, akaizungusha mkononi.

"Babu, shikamoo. Mbuzi huyu hachinjwi."

"Marahaba. Unasema?"

"Sisi ndio tumemshinda, tumekubaliana wote. Ni wa Mama Deo."

Asteria alikuwa pale pembeni na ndoo yake ya vitumbua, kaja kuuza. Aliposikia jina lake akadhani kaitwa kwa ajili ya biashara, akaja anavuta mguu, anapangusa mikono kwenye kanga, anauliza vingapi. Salma akampa kamba. Asteria akaitazama kamba, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

Mwenyekiti akaingilia. "Binti, huu si utaratibu. Zawadi ya ubingwa inaliwa na mji mzima."

"Ndiyo, mzee," Salma akasema. "Na Mama Deo naye alishaliwa na mji mzima." Akamgeukia babu yake. "Babu, nataka kwenda kule wanakotibu mguu. Ukikataa nitabaki hapa kukupikia, sitanung'unika. Lakini kwa mabingwa siendi."

Zubeiri alikuwa hamtazami Salma. Alikuwa anatazama goti la Asteria. Amelipita goti lile kila siku kwenda sokoni, amenunua vitumbua kwake kila wiki, na nadhani siku zote alikuwa anamtazama usoni kwa makusudi. Asteria akaona anapotazama, akaishusha kanga kidogo lifunikwe, kwa adabu, kama vile kosa la goti lile ni lake.

Nadhani ni hiyo kanga iliyomshinda. Mzee alifumba macho. Kisha akakichukua kile kitambaa, akakizungushia kisu, safi kama kilivyokuja, mara ya kwanza, mara ya pili, akafunga fundo. Akamwekea Salma mkono kichwani hapohapo penye vumbi, akamsomea dua. Nilisimama karibu, nilimsikia akiimaliza kwa kusema: "Nenda. Radhi yangu unayo." Basi anayewaambia kaondoka bila radhi, mleteni kwangu.

Mwenyekiti alikuwa bado hajaelewa kwamba mchezo umekwisha. Akamvuta Kocha mkono, akanong'ona kwa nguvu kama wanavyonong'ona viongozi: "Kocha, mgeni rasmi ameshanawa mikono. Tunampa nini sasa?"

Zubeiri akaweka kisu chake mfukoni.

"Mpeni ubingwa," akasema. "Huo hauozi."